Maji moto kwenye mwembe, weupe kwenye mipapai: nipulizie dawa au niache?

SWALI

Mwanangu mtaalamu, habari za kazi. Niko Goba. Tangu nistaafu nimeugeuza uwanja wa nyuma ya nyumba kuwa bustani: matuta ya mchicha, sukuma wiki, bamia na nyanya chungu, mipapai mitatu, mwembe mmoja mkubwa na mnazi. Sukuma wiki imejaa vidukari. Mipapai imeshikwa na kitu cheupe kama pamba, na majani ya chini yamekuwa meusi. Maembe ya msimu uliopita karibu yote yalikuwa na funza. Kijana anayenisaidia anataka kuchoma moto viota vya maji moto, wale chungu wanaoshona majani, kwenye mwembe, na jirani ananishauri nipulizie dawa kila wiki kama yeye. Lakini wajukuu zangu wanashinda humo humo, wanachuma na kula, na mimi nawapenda wale ndege chozi wanaokuja asubuhi. Je, nitaweza bila dawa? Nikiwaacha wadudu na mijusi, si nitakaribisha na nyoka na mbu? Tena kuna bundi anatua kwenye mnazi, jirani anataka tumfukuze.
Bibi wa Goba

JIBU

Shikamoo mama. Nianze na la haraka: mzuie huyo kijana leo hii asichome viota. Mengine yote uliyouliza yanaweza kusubiri wiki moja, hilo haliwezi, kwa sababu ukiwaondoa maji moto kwenye mwembe huo utakuwa umewafukuza walinzi wake na kuwaacha wezi.

Najua wanauma, na najua mtu aliyewahi kuvamiwa nao shingoni akiwa juu ya mti hataki kusikia habari zao. Lakini tazama kazi yao. Maji moto hushona majani mabichi kwa uzi unaotoka kwa watoto wao, wakafanya viota juu kwenye matawi, kisha wakautawala mti mzima. Usiku na mchana wanazunguka kwenye kila jani na kila tunda wakitafuta nyama, na nyama yao ni wadudu wenzao. Wachina walikuwa wakinunua viota vya ndugu zao hawa na kuvitundika kwenye michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Hapa kwetu pwani, mwanasayansi M. J. Way alifanya utafiti Zanzibar miaka ya 1950 na kueleza jinsi maji moto wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka, vikaanguka vikiwa vidogo au vikakua vimepinda na kutoa utomvu. Mdudu huyo hata jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limetokana na jina la mtafiti huyo. Hashambulii nazi peke yake. Huingia pia kwenye maembe, korosho na parachichi. Kwa hiyo maji moto wa mwembe wako wakivuka wakafika kwenye mnazi, waache wavuke.

Sasa funza wa maembe. Hao ni watoto wa nzi wa matunda, na yule anayetusumbua zaidi alitoka Asia. Alionekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa, akaweka mayai ndani. Mayai yakianguliwa funza wanakula nyama ya tunda, tunda linaanguka, funza wanatoka na kujizika kwenye udongo, kisha wanaibuka wakiwa nzi kamili. Ukilielewa duara hilo utaona kwa nini dawa inayopuliziwa juu ya ganda haisaidii sana: yai liko ndani, na buu lililojifunika liko chini ya ardhi. Maji moto wao wanamzuia nzi kabla hajataga. Wanakamata wachache, lakini kubwa zaidi ni kwamba nzi hapendi kutua kwenye tunda wanalopita maji moto na kuacha harufu yao.

Wasaidie kidogo. Msimu wa maembe ukianza, kuanzia Novemba, okota kila embe lililoanguka, kila siku, wala usilitupe kwenye shimo la wazi. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa takataka usiopitisha hewa, uuache juani siku kadhaa, au uyazike kwa kina cha nusu mita au zaidi. Hili ndilo ambalo watu wengi hawalifanyi, na bila hilo hakuna mtego wala dawa itakayokuokoa, kwa maana kila embe bovu lililoachwa chini linazaa nzi wapya. Maembe machache ya chini unayoyapenda unaweza kuyavalisha mifuko ya karatasi yakiwa na ukubwa wa yai la kuku.

Kuchuma kuna utaratibu wake. Tumia kigoe ukiwa chini, pakaa majivu makavu mikononi na miguuni, na nenda asubuhi na mapema kabla jua halijawachangamsha. Tawi linaloinamia mlangoni au mahali wajukuu wanapochezea likate, ili maji moto wabaki kwao na watoto wabaki kwao. Ukiwa na mtoto ambaye mwili wake huvimba vibaya akiumwa na mdudu, hapo usalama wake unatangulia mwembe, wahamishwe.

Nina ombi jingine kuhusu mwembe huo, na hili linapingana na mazoea yetu. Usifagie chini yake mpaka udongo ubaki mweupe. Kuna sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, wenye vichwa vikubwa kwa baadhi yao, ambao ni maadui wakubwa wa maji moto. Wakizidi, hupanda mti na kuwafukuza. Utafiti uliofanywa kwenye michungwa hapa Tanzania ulionyesha kwamba palipopaliliwa pakabaki uchi, sisimizi hao walipata nguvu, na palipoachwa majani ya chini, maji moto waliweza kushuka, kutafuta chakula na kushindana nao. Acha nyasi fupi, panda hata matembele chini ya kivuli cha pembeni. Uwanja wa mbele wa wageni ufagie utakavyo.

Na hao sisimizi ndio wanaotupeleka kwenye mipapai yako. Kile cheupe kama pamba ni vidung'ata. Wanafyonza maji ya mti na kutoa majimaji matamu, majimaji hayo yanadondoka kwenye majani ya chini, na juu yake unaota ukungu mweusi kama masizi. Ndio weusi unaouona. Sisimizi wanaupenda utamu huo kiasi kwamba wanawachunga vidung'ata kama mfugaji anavyochunga ng'ombe: wanawahamisha kwenda majani mapya na kuwafukuza wadudu wanaotaka kuwala. Simama kwenye shina la mpapai dakika chache, utaona msafara unapanda na kushuka. Ukiua vidung'ata bila kuukata msafara huo, utakuwa unaanza upya kila mara. Maji moto nao hupenda utamu, sikufichi, na huwaweka wadudu wa namna hii kwenye baadhi ya miti. Kwenye mwembe na mnazi faida yao inazidi hasara hiyo. Kwenye mpapai wenye vidung'ata, chungu wa aina yoyote asipande.

Fanya hivi. Kata majani yaliyojaa kabisa, uyafunge kwenye mfuko, usiyatupe kwenye mboji. Funga shina kwa kitambaa au nailoni upana wa kiganja, kisha pakaa grisi juu ya hiyo nailoni. Usiipake moja kwa moja kwenye gome la mpapai kwa sababu litaungua. Hakikisha hakuna jani wala ukuta unaougusa mti ukawa daraja. Halafu piga maji kwa nguvu kwenye matunda na chini ya majani. Waliobaki wapulizie maji ya sabuni, kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, ukilenga mwili wa mdudu mwenyewe kwa kuwa sabuni ikishakauka haina kazi tena. Mpapai una majani laini, hivyo jaribu kwanza jani moja au mawili, usubiri siku mbili uone kama hayaungui. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba.

Kabla hujapuliza, angalia kwa makini sana. Katikati ya vidung'ata unaweza kukuta vidudu vingine vyeupe, vikubwa zaidi, vyenye manyoya marefu ya nta, ambavyo vinatembea haraka. Hao si vidung'ata. Ni watoto wa wale wadudu wa mviringo wenye mgongo wa kung'aa, na chakula chao ni vidung'ata. Wengi huwaua kwa kudhani ndio mama wa wadudu. Ukiwakuta kwenye jani, liache jani hilo bila kulipulizia.

Kama unaona haya ni mambo madogo mno kuleta tofauti, kumbuka muhogo. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini bila maadui zake, akafagia mashamba nchi baada ya nchi. Waliomshinda hawakutumia mapipa ya sumu. Walirudi alikotoka, Paraguay mwaka 1981 wakampata nyigu mdogo kuliko punje ya mtama anayetaga ndani ya kidung'ata, wakamzalisha na kumwachia huku kwetu. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kisamvu tunachokula leo kinamdai nyigu yule shukrani, na hakuna atakayemwona kwa macho asipoinama.

Vidukari wa sukuma wiki wanataka subira kuliko kitu kingine. Jike wa kidukari huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na ndani ya wiki moja hivi hao watoto nao wanaanza kuzaa. Wanaowala huchelewa kidogo kufika, na wiki hiyo ya kuchelewa ndiyo mtu anapokimbilia dawa, akawaua wote wawili, na anayerudi wa kwanza ni kidukari. Pindua jani. Ukiona vidukari waliovimba, wakakauka rangi ya kahawia kama karatasi, baadhi wakiwa na tundu la duara mgongoni, hao wameliwa kutoka ndani na nyigu wadogo. Kazi imeshaanza bila wewe. Kamua majani yaliyojaa sana kwa vidole, mengine yasuuze kwa maji, na uache mche mmoja wa mwisho wa tuta ukiwa na vidukari wake ili wanaowala wapate sababu ya kubaki. Kisha uangalie mbolea. Ukizidisha yuria, au samadi ya kuku ambayo bado mbichi, majani yanakuwa laini na yenye maji, na hakuna kitu kidukari anachokipenda kama hicho. Iozeshe samadi miezi miwili au mitatu, uichanganye na mboji. Mchanga wa Goba unaihitaji sana, kwa sababu mche wenye kiu ndio unaoelemewa kwanza.

Bamia na nyanya chungu sina mengi ya kusema kwa kuwa hukuniambia zina shida. Wakati wa kiangazi ukiona majani ya nyanya chungu yana vidoa vya njano na utando mwembamba chini yake, ni utitiri. Umwagie maji chini ya majani asubuhi, mara mbili tatu kwa wiki. Utitiri ni mfano mzuri wa gharama ya kupuliza kila wiki, maana dawa nyingi za kuua wadudu zinawamaliza wanaokula utitiri na kumwacha utitiri mwenyewe azidi.

Mwarobaini nauheshimu, lakini unatumiwa vibaya. Watu wanauchemsha, na moto unaiharibu ile sumu yake. Chukua kilo moja ya majani mabichi, yatwange, yaloweke kwenye lita 5 za maji ya kawaida usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili yashike kwenye jani. Punje za ndani ya mbegu zina nguvu zaidi: gramu 50 zilizotwangwa zinatosha lita moja. Puliza jioni, kwa sababu jua linaivunja dawa hiyo ndani ya siku chache na kwa sababu jioni nyuki wameshalala. Usitegemee kuona maiti kesho yake. Mwarobaini unamfanya mdudu aache kula na kumzuia asijivue ngozi akakua, kwa hiyo hesabu siku tatu hadi saba. Na upulizie mche unaoumwa peke yake, kwa maana kitu cha asili nacho kinaua, na hakichagui vizuri kama tunavyopenda kuamini. Maji ya tumbaku usiyaguse kabisa: nikotini ni sumu kali kwa binadamu, wajukuu wako wanachuma humo, tena tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoambukiza nyanya na pilipili. Mafuta ya taa yataunguza majani.

Basi, utaweza bila dawa za dukani? Kwa bustani ya ukubwa wako, ndiyo, na ningekuwa wewe nisingenunua hata chupa moja. Jirani yako anapopuliza kila wiki, muulize kwa upole kama anasoma kwenye lebo ni siku ngapi asubiri kabla ya kuchuma. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu nne tangu kupandwa. Ukipuliziwa kila wiki hakuna siku inayobaki salama ya kuula. Na kama anainunua ikiwa imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo na bila usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, hajui hata anapuliza nini. Chupa ya namna hiyo katika nyumba yenye watoto ni hatari kuliko mdudu yeyote niliyemtaja.

Badala yake panda maua katikati ya mboga. Acha giligilani chache zitoe maua, acha kivumbasi kichanue, na mchicha mmoja mmoja uzae mbegu. Nyigu wadogo wanaokula ndani ya vidukari wakishakomaa wanaishi kwa asali ya maua madogo ya aina hiyo, na wasipoyapata wanahamia kwa mwingine. Vuli inapoanza Oktoba ni wakati mzuri wa kuotesha.

Chozi wako nao watafaidi. Wanakunywa asali ya maua, lakini vifaranga vyao wanavilisha wadudu na buibui, kwa hiyo bustani iliyosafishwa wadudu wote haiwezi kulea chozi. Adui yao mkubwa hapa Dar ni kunguru, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India ili ale takataka, akaenea pwani nzima. Anaiba mayai na vifaranga vya ndege wadogo, na mijusi pia hamwachi. Huwezi kuwamaliza peke yako, ila unaweza kuwanyima karamu: funika ndoo ya taka, usiache mabaki ya chakula cha kuku nje. Na uwape ndege wadogo kichaka kizito chenye miiba, mdimu au bogenvilia isiyokatwa sana, ambamo kunguru hawezi kupenya.

Kuhusu nyoka, hofu yako ina msingi, sitaipuuza. Lakini nyoka hafuati maua wala vidukari. Anafuata panya na vyura, na panya wanafuata pumba za kuku na taka. Rundo la matawi na majani unalowawekea mijusi na vyura liwe kona ya mbali na nyumba, na nyasi za karibu na milango ziwe fupi. Waonye wajukuu wasiingize mkono humo. Mjusi kafiri na kinyonga hawana sumu. Wafundishe watoto wasiwapige, kwa kuwa kinyonga mmoja kwenye bamia anakula wadudu kutwa nzima.

Mbu ni suala la maji, na Dar haina mzaha hapo: homa ya dengi, kidingapopo, ililipuka mjini humu mwaka 2014 na tena 2019. Bakuli la maji ya ndege weka, ila limwage na ulisugue kuta zake kila baada ya siku mbili. Kusugua ni lazima, kwa sababu mbu wa dengi hubandika mayai ukutani mwa chombo, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi, yakisubiri maji yarudi. Visahani vya chini ya vyungu vya maua jaza mchanga. Pipa la kumwagilia lifunike kwa chandarua kilichofungwa kamba.

Na bundi, mama, mwache akae. Najua yanayosemwa juu yake katika majumba yetu, na sitamcheka jirani kwa kuogopa. Ila anachofanya juu ya mnazi huo usiku ni kuwinda panya, na bundi mwenye vifaranga hukamata panya kadhaa kwa usiku mmoja. Hao ndio panya wanaowaleta nyoka uliowauliza. Mwombe jirani jambo moja tu: kama anategea panya kwa sumu, abadilishe atumie mtego wa kubana. Panya aliyekula sumu hutembea akiyumba kabla ya kufa, bundi humwona kirahisi, na sumu ile ile inahamia kwake, au kwa paka wa nyumbani.